Piano Haishuki

Iliingia kwa winchi, mwaka ambao sikuwa nimezaliwa,
ikaning'inia juu ya uwanja wetu wa Gldani
kama fahali aliyefungwa miguu,
majirani wamekodoa macho, watoto wamekatazwa kupita chini,
na Lamara Chikvaidze, ghorofa ya tisa, kwenye roshani,
akiipungia, "Njoo, njoo,"
kama anayemwita mtoto anayejifunza kutembea.

Baadaye roshani ikazibwa, ikawa jiko.
Mlango wa nyumba ni mwembamba.
Iliyoingia kwa hewa haikuachiwa njia ya kurudi.

Kabla ya hapo, nasikia, alikuwa na jina.
Minski, Riga, Leningradi;
gauni moja la kijani, lililofuliwa usiku
na kukaushwa juu ya bomba la moto la hoteli;
tuzo ya tatu, na picha gazetini
ambamo uso wake haukuonekana vizuri, mikono tu.
Akaalikwa Vienna. Karatasi ikaenda ofisini, ikarudi na muhuri: hapana.
Hakuwahi kueleza. Alisema tu,
"Siku hiyo nilikuwa na wanafunzi wanne,
na wa tatu alichelewa."

Chanda chema huvikwa pete, na chake kilikuwa nayo.
Aliivua kila somo, akaiweka kwenye kisahani cha chai,
kliki, nasi tukajua utani umekwisha.
Kisha zikaja zile baridi zisizo na umeme wala gesi.
Tukapiga skeli tumevaa makoti, glavu zimekatwa ncha,
mshumaa mmoja, pumzi zetu zikionekana.
Alichoma rafu ya vitabu. Alichoma viti, kimoja kimoja,
akabakiza cha mwanafunzi;
yeye akafundisha amesimama miezi mitatu.
Siku moja kisahani kilikuwa kitupu
na jiko la mafuta ya taa linanguruma.
Hakuna aliyeuliza. Nilipiga vibaya kuliko siku zote.

Nilikuwa mwanafunzi mbovu, niseme ukweli.
"Mkono wako wa kushoto," alisema, "ni mgeni asiyejua saa ya chakula."
Na nilipodonoa noti moja moja kama kuku:
"Kidole kimoja hakivunji chawa, Malkhazi.
Viko vitano. Viamshe."

Nilitoka na nini? Sikio. Nikawa fundi wa lifti.
Majengo kumi na manne, lifti za sarafu, tetri kumi kupanda,
nami naisikia kebo inayolegea kabla haijaonekana:
mota ikishuka nusu toni, napeleka spana.
Nikamwambia, Mwalimu, ya kwako nitaifungua, panda bure.
Akanitazama kama niliyeruka mistari miwili.
Mpaka mwisho alitia sarafu.
"Ada hulipwa," alisema, kwangu mimi
ambaye mama alimlipa kwa mitungi ya plamu,
na majira mengine hakumlipa.

Machi hii tulimshusha kwa ngazi; jeneza halikuenea kwenye lifti.
Ghorofa tisa, watu sita,
na wa mbele kushoto ni mimi.
Nilichelewa hatua moja. Nadhani alijua.

Mpwa wake ameuza nyumba. Mnunuzi alipima piano, akapima mlango,
akapima dirisha la jiko, akakuna kichwa.
Shoka, alisema mtu.
Nikasema nitaleta winchi, nitavunja ukuta, nitaujenga upya,
sijui nilisema nini.
Mwishowe mke wa mnunuzi, mimba ya miezi saba,
akafunua kifuniko, akabonyeza jino moja, la chini kabisa,
na tumbo, alisema, likajibu.

Haishuki, basi.
Jana nilikuwa shimoni mwa lifti, grisi mpaka viwikoni,
nikasikia kutoka juu kabisa noti moja, halafu ya pili,
kisha ukimya wa mtu anayeitafuta ya tatu.
Nilingoja, spana mkononi.
Wa kushoto, nilisema kimoyomoyo.
Jaribu mkono wa kushoto.